Kapu Halikosei

Katika Jamaa ya Wasimamao hakukuwa na viti. Baba Mlezi alifundisha tangu mwanzo kwamba aliyeketi mbele za Mungu ni mgeni, na aliyesimama ndiye mtumishi, basi watu wakasimama. Walisimama wazee, wakasimama wajawazito, wakasimama wenye miguu iliyovimba, tangu asubuhi mpaka jua lilipopinda. Kiti kilikuwa kimoja tu ukumbini, cha Baba Mlezi mwenyewe, chenye mgongo mrefu na sponji iliyoshiba. Kiti hicho kilitengenezwa na Fundi Makochi na mkewe, tena bure kabisa, na asante yake hawajaisikia mpaka leo.

Mke wa Fundi walimwita Mama Mito, kwa kuwa ndiye aliyeshona mito yote iliyotoka kwenye karakana yao. Fundi alikata mbao, akafunga springi, akapanga sponji. Mama Mito alikuwa kwenye cherehani yake pale dirishani, miguu haitulii. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha matofali kando ya barabara, alichokijenga marehemu baba yake Fundi kwa mikono yake, na nyuma yake, ng'ambo ya ua mdogo, ndipo walipoishi pamoja na Bibi, mama yake Fundi. Hawakuwa na kitega uchumi kingine. Siku karakana ingeondoka mikononi mwao, na jiko lingezimika.

Mama Mito hakuingia kwenye Jamaa kwa kupenda. Alimfuata mumewe, na mumewe naye aliingia kwa njia ambayo huwezi kumlaumu. Wakati kazi zilipokauka na Fundi akalazwa na kifua, watu wa Jamaa ndio waliokuja na unga na dawa, wakafua mpaka mashuka. "Hawa walinijia nikiwa sina mbele wala nyuma," Fundi alikuwa akisema kila mkewe alipoanza kunung'unika. Hapo Mama Mito alinyamaza, maana ilikuwa kweli. Unga ulikuja kwanza, kapu likaja baadaye.

Kapu lenyewe lilikuwa hivi. Baba Mlezi alipotangaza Siku ya Funguo, milango ya ukumbi ilifungwa kwa ndani, wahudumu wenye mikanda myeupe wakasimama mlangoni, na kapu likaanza kupita safu kwa safu. Kila safu ilitakiwa itoe ufunguo, wa pikipiki, wa duka, wa nyumba, wowote ule. Safu isipotoa, hatoki mtu, na si wao tu, ukumbi mzima. Ibada ikiisha, watu wote waliufuata kila ufunguo kwa nyimbo mpaka kwenye kufuli lake, na kile ulichokifungua kikawa mali ya Jamaa papo hapo. Na kulikuwa na neno la kufungia mjadala: kapu halikosei. Kilichoingia kapuni kimechaguliwa na Mungu, hakibadilishwi wala hakirudishwi.

Neno hilo Mama Mkunga alilijua kuliko wote. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, amewapokea duniani nusu ya watoto wa mtaa ule. Siku yake alikusudia kutoa ufunguo wa banda la kuku, lakini kwa kukodolewa macho na watu akababaika, akatumbukiza wa nyumba. Alilia, akaeleza, akapiga magoti. Katibu wa Jamaa, kijana mtanashati mwenye sauti laini kama dawa ya kikohozi, akamshika bega na kumwambia, "Mama, kapu halikosei." Tangu hapo Mama Mkunga alikuwa akilala sebuleni kwa mdogo wake, wakati kuku wake wanalala kwao. Na bado alikuja ibadani. Alikuwa ameshatoa kila kitu, na hakuwa tayari kukubali kwamba alikitoa bure.

Asubuhi ya Siku ya Funguo nyingine, nyumbani kwa Fundi kulikuwa na ugomvi ule ule wa kila siku. Bibi alitaka ufunguo wa choo uachwe kwenye msumari. Choo kilikuwa uani, karibu na njia, na walikitia kufuli baada ya wapita njia kukigeuza cha umma. Sasa Fundi ni mtu wa kupenda bei ya jumla. Kufuli la choo na la karakana aliyanunua pamoja, ya aina moja, na funguo zake hata yeye mwenyewe hakuweza kuzitofautisha. Ndipo Mama Mito akafunga uzi mwekundu wa kushonea makochi kwenye ule wa karakana, ili mumewe asihangaike mlangoni kila kukicha.

"Usiondoke nazo zote," Bibi alisema. "Mimi huku nitajisaidia wapi?"

"Sawa, mama," Fundi akajibu, akazitia zote mfukoni, akatoka. Akili yake ilikuwa imeshatangulia ibadani.

Bibi hakuwa mtu wa Jamaa. Mtoto wa jicho alikuwa amemfifishia dunia, na zaidi ya hapo alisema amesimama vya kutosha maishani mwake, sasa ni zamu yake kukaa.

Ukumbini wanaume walisimama kulia na wanawake kushoto. Mama Mito alikiona kisogo cha mumewe na kipande cha shavu. Kapu lilizunguka, funguo zikilia ndani yake, mpaka likafika safu ya mwisho, safu ya Fundi, na hapo likakwama. Watu wa safu ile walikuwa wameshatoa vyote katika siku zilizopita. Katibu akasimama nalo, anatabasamu. Baba Mlezi akafumba macho kitini pake. Joto likapanda. Watoto walilia mpaka wakachoka kulia. Mzee mmoja wa miguu mibovu, aliyesimama bega kwa bega na Fundi, akaanza kutetemeka magoti, na watu wakageuza shingo kuitazama safu ile. Hawakuwa na hasira, walikuwa wamechoka tu, wanataka kwenda nyumbani.

"Nani anawashikilia wenzake?" Katibu akauliza kwa upole. "Nani anamtesa mzee huyu?"

Mama Mito alimjua mumewe. Hawezi kumwona mtu mzima akitetemeka akanyamaza. Akaomba kimoyomoyo: usitie mkono mfukoni, baba watoto, nakusihi usitie. Fundi akatia mkono mfukoni. Akahangaika kidogo, akachomoa ufunguo, akaunyoosha mkono. Kutoka ng'ambo ile ya ukumbi Mama Mito akauona uzi mwekundu ukining'inia, kisha ukazama kapuni. Hakuanguka kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuangukia.

Milango ikafunguliwa. Fundi alipoulizwa akasema ufunguo ule ni wa karakana, na karakana ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na ukumbi, basi Katibu akaamua waanzie huko, kapu mkononi, ufunguo wa Fundi juu kabisa, watu nyuma wakiimba. Baba Mlezi alibaki kitini. Yeye maandamano hakuwa akiyaenda. Njiani Fundi akajipenyeza mpaka kwa mkewe.

"Nisamehe," akasema. "Mzee angeanguka."

"Na sisi je?"

"Sijui, mama watoto. Nilitoa kwanza, akili ikanirudia baadaye."

Mama Mito aliendelea kutembea. Alikuwa anawaza cherehani yake, na makochi ya watu yaliyokuwa mle ndani, hasa seti ya bibi harusi mmoja, sponji imeshapangwa, kitambaa bado. Alikuwa na hasira na mumewe, na alikuwa anampenda, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Walipofika, Katibu akauinua ufunguo watu wote wauone, akautia kwenye kufuli la karakana, akazungusha. Haukuzunguka. Akautoa, akaufuta kwa leso, akautia tena. Mhudumu mmoja akajaribu, mwingine akapulizia mate. Nyimbo zikaanza kulegea. Akaitwa Fundi mwenyewe, akajaribu mara mbili, akashindwa, akabaki kulitazama kufuli lake kama mtu aliyekutana na mgeni.

"Leteni nyundo," akasema mhudumu.

"Haiwezekani," Katibu akamkatiza. "Ufunguo ndio shahidi. Sharti ufungue."

Hapo sauti ikapaa kutoka uani. "Nani huyo ana funguo? Fundi, ni wewe? Nimesimama mlangoni mwa choo tangu mlipoondoka, watu gani nyie!"

Bibi akatokea pembeni ya ukuta, fimbo mkononi, anatembea kwa hatua fupi za mtu mwenye dharura. Sura za watu hakuziona vizuri, lakini chekundu kilichoning'inia mkononi mwa Fundi alikiona. "Huo hapo," akasema. "Uzi wangu huo." Akamnyang'anya mwanawe ufunguo, akageuka, akaenda nao.

Sasa kanuni ya maandamano ni moja, ufunguo unakokwenda ndiko watu wanakokwenda, na waimbaji walikuwa watu wa kanuni. Wakamfuata Bibi uani, sauti zikapanda upya. Bibi akapapasa kufuli la choo, akatia ufunguo, kufuli likalia ka. Waimbaji, waliozoea kufanya hivyo kila kufuli linapofunguka, wakapasua wimbo wa ushindi kwa sauti zote. Bibi akaingia, akajifungia.

Wimbo ukafa wenyewe, mwimbaji mmoja mmoja. Watu wakautazama mlango wa choo.

"Ndugu zangu," Katibu akasema, akikohoa, "hapa pametokea kosa dogo. Fundi alikusudia karakana."

Mama Mito ulimi ukamfunguka kabla hajaujua. "Kosa la nani, Katibu?"

Katibu akalitazama kapu.

"Nauliza tu. Ni kosa la kapu?"

"Subiri," mtu akasema kutoka nyuma, na watu wakampisha. Alikuwa Mama Mkunga. Uso wake ulikuwa umetulia, ule uso aliokuwa nao zamani akiingia chumba cha uzazi na kuwatoa wanaume nje. "Mimi nilikusudia banda la kuku."

"Mama, hiyo ni habari nyingine."

"Ni hiyo hiyo. Kama kapu limekosea leo, basi lilikosea na siku ile, na mimi narudi nyumbani kwangu. Kama halikosei, beba choo chako twende."

Mtu akacheka. Mwingine akajaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kikaenea ua mzima, cha watu waliokuwa wamebanwa kwa muda mrefu, mpaka mzee wa miguu mibovu akawa anafuta machozi. Katibu aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kapu halikosei," akasema mwishowe, sauti imemkauka. "Choo ni mali ya Jamaa."

Mlango ukafunguka. "Basi leteni mtu wa kukisafisha," Bibi akasema akitoka.

"Mama," Fundi akauliza, "uzi ule si ulikuwa wa karakana?"

"Niliuhamisha jana. Nyinyi karakana mnaifungua bila haraka, tena macho mnayo. Mimi choo nakifungua nikiwa nimebanwa."

Fundi akatoa mfukoni ule ufunguo uliobaki, usio na uzi. Akazunguka mbele, mkewe nyuma yake, akautia kwenye kufuli. Likafunguka. Harufu ya gundi na mbao mpya ikawapokea, cherehani ikiwa pale pale dirishani, na Mama Mito akalia waziwazi, bila haya, akimshika mumewe mkono kwa nguvu mpaka akamuumiza. Ilikuwa yao bado. Hasira yote aliyoitayarisha njiani hakuiona tena ilipokwenda.

Fundi alipogeuka akamwona yule mzee kasimama mlangoni, ameshika fremu.

"Mzee wangu, karibu ukae."

Mzee akasita, akatazama nyuma kama anayeogopa kuonekana, kisha akaingia na kujiachia kwenye kochi la bibi harusi, juu ya sponji tupu. Akafumba macho. Mama Mkunga akafuata, na wanawake wengine, na mjamzito mmoja aliyewekewa mto mgongoni. Waliokosa makochi wakakaa kwenye vigoda na kwenye marundo ya sponji. Hakuna aliyeimba. Wachache walirudi ukumbini, wengi hawakurudi.

Katibu alibaki nje na kapu lake, limejaa funguo ambazo hazijafungua kitu bado. Yeye pia alikuwa amesimama tangu alfajiri. Bibi, asiyemtambua, akamgonga mguu kwa fimbo.

"We kijana, mbona umesimama kama mdai? Ingia ukae."

Akaingia. Akaweka kapu kizingitini, akakaa kwenye ukingo wa kochi, na magoti yake nayo yakaanza kutetemeka. Mama mmoja, mwenye duka la vitabu vya shule, akainuka, akapekua kapuni, akauchukua ufunguo wake, akarudi kukaa. Katibu aliona. Akamwacha. Akainuka wa pikipiki, akainuka na mwingine.

"Ufunguo wako uko ofisini, Mama Mkunga," Katibu akasema kwa sauti ya chini, macho sakafuni. "Kesho uje. Uje na watu hawa hawa."

"Tutakuja," Fundi akasema.

Kapu lilipobaki tupu, Mama Mito alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yake. Akakata uzi wa kijani, akaufunga kwenye ufunguo wa karakana kwa mafundo mawili, akamwita mkwewe na kumshikisha mkononi ausikie. "Huu usiuguse, mama," akamwambia. "Mwekundu ni wako."