Waya Haukukwama

Watu wa Garsen walikuwa na hakika kwamba Godhana atachaguliwa. Aliyekosa usingizi ni Godhana mwenyewe.

Alikuwa serahangi wa feri, mkubwa wa wanaume sita walioivusha feri mtoni kwa mikono. Waya mnene ulifungwa kutoka ukingo hadi ukingo, nao waliushika na kuuvuta hatua kwa hatua, mpaka chombo kizima, pamoja na lori na mbuzi na hata bibi harusi, kifike ng'ambo. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minne, viganja vikawa vigumu kama kwato. Hakusoma, hakuwa na duka. Alikuwa na shamba la migomba kule Hewani, na kila masika mto ulijimegea kipande chake. Lakini hakuna Mpokomo wala Muorma wa pande zile ambaye hakuwahi kumvusha. Ndiyo maana mwaka ule wa hamsini na saba, ilipotangazwa nafasi ya diwani katika Baraza la Wilaya, wakajitokeza Godhana na Komora, ndugu yake mzee wa mji, vijana walisema kwa utani: Komora anatujua kwa majina, Godhana anatujua kwa uzito.

Godhana alikitaka kiti kile kwa jambo moja tu. Alitaka bendera iondolewe.

Bendera yenyewe ilikuwa kitambaa chekundu juu ya mlingoti, upande wa Garsen, kando ya kibanda cha karani wa barabara aliyeipandisha. Ikipandishwa, maana yake kuna bwana mkubwa wa serikali yuko njiani, na feri imngoje upande atakaotokea, ifungwe mnyororo, isiguswe hata akichelewa kutwa nzima. Ufunguo wa mnyororo alikuwa nao serahangi.

Masika ya mwaka uliotangulia, mto ulikuwa umefura na mitumbwi yote imefungwa. Bendera ilipanda baada ya adhuhuri. Mara wakatokea watu ng'ambo, Waorma, wamebeba mwanamke juu ya machela ya ngozi. Alikuwa Barwako, mke wa Duba, uchungu wake umeingia siku ya pili, na dresa, mtibabu wa zahanati, alikuwa Garsen. Duba aliita mpaka sauti ikapasuka. Godhana aliitazama bendera, akaushika ufunguo mfukoni, akawafikiria wanawe wanne. Kisha akaweka mikono mdomoni akajibu: "Waya umekwama! Waya umekwama!"

Aliogopa kumwaga unga. Hapana sababu nyingine, na tusimtafutie. Yule bwana alifika magharibi, bata wa ziwani wakining'inia ubavuni mwa gari lake, kwa maana alikuwa amepitia kuwinda. Barwako alikuwa amekwisha kunyamaza tangu alasiri, yeye na kilichokuwa tumboni mwake.

Waliojua ni wavutaji sita na Mungu. Wavutaji walinyamaza kwa kuwa wote walikuwa wakila chungu kimoja. Na Duba, maskini, aliamini. Aliamini hata akawa mpiga debe mkubwa wa Godhana. Alipita manyata kwa manyata akiwaambia wenziwe kwamba yule mtu wa feri ana roho nzuri, siku ile alitaka, waya ndio uliokataa.

"Sasa kitu gani kinakukondesha?" aliuliza Swaleh, shemeji yake, ambaye naye alikuwa mvutaji. Walikuwa wakipaka waya mafuta asubuhi ya uchaguzi. "Waorma thelathini wanakuja kwa ajili yako. Hakuna Mpokomo aliyewahi kupata hao."

"Wanakuja kwa ajili ya uongo wangu."

"Wewe pata kiti kwanza, shemeji. Ukishaiondoa hiyo bendera, uongo utakuwa umelipa. Yule mama hatarudi hata ukiusema ukweli mpaka ukauke ulimi."

Maneno hayo yalikuwa na mantiki, na Godhana aliyachukia kwa sababu hiyo hiyo. La kuvunda halina ubani, na yeye alikuwa akilifukiza mwaka mzima.

Kura za siku zile hazikuwa za karatasi. Mgombea husimama akasema yeye ni nani na anataka nini, kisha wanaume walipa kodi hujipanga nyuma ya wamtakaye, mchana kweupe, na afisa huhesabu vichwa. Ukimkimbia shemeji yako, shemeji yako anakuona.

Komora alitangulia. Alimsifu babaye, akaahidi skuli, akakaa. Godhana akasimama. Maneno alikuwa ameyapanga vizuri: bendera, wagonjwa wanaongoja, haki ya kila mtu kuvuka. Akaanza vyema, watu wakaitikia. Kisha macho yake yakaangukia Duba, aliyeketi mbele kabisa, fimbo juu ya magoti, tayari kuinuka. Godhana akaona jinsi itakavyokuwa: mtu aliyefiwa na mke kwa sababu yako asimame nyuma ya mgongo wako, akupe cheo. Roho ikamkataa.

"Ndugu zangu," akasema, "waya haukukwama."

Watu hawakuelewa. Duba alielewa upesi kuliko wote, kwa sababu alikuwa ameyabeba maneno yale kila siku.

"Bendera ilikuwa juu," Godhana akaendelea. "Feri ilikuwa nzima. Ufunguo nilikuwa nao mimi, mfukoni. Niliiogopea kazi yangu, nikakudanganya, Duba."

Duba alisimama taratibu. "Wewe iko sikia yeye?"

"Nilimsikia."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka aliponyamaza."

Duba aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa njia. Akapita kati ya wagombea wawili bila kumgusa yeyote, akaondoka, na wale thelathini wakamfuata. Waliobaki wakajipanga. Nyuma ya Godhana walisimama watu tisa. Swaleh alikuwa katika mstari wa Komora, amekodolea macho vidole vya miguu yake. Afisa alihesabu mara mbili, utadhani tisa ni hesabu ngumu.

Kazini hakufukuzwa. Nani angemfukuza kwa kutii amri? Alirudi kwenye waya, na hilo lilimuuma kuliko kushindwa.

Mwezi haujaisha, bendera ikapanda tena. Feri ikafungwa. Jua lilipokuwa utosini, mtu mmoja akatokea ng'ambo, akasimama chini ya mkindu, palepale machela ilipowekwa siku ile. Alikuwa peke yake, hana mgonjwa, hana mzigo, ana fimbo tu.

"Eee, feri!" akaita. Alikuwa Duba.

Godhana aliitazama bendera. Akautoa ufunguo, akaufungua mnyororo.

"Shemeji, utamwaga unga!" Swaleh alimaka. "Hata mgonjwa hana!"

Godhana alikuwa amekwisha kuushika waya. Akavuta peke yake, mishipa ya shingo ikamtoka, na chombo kikasogea kidogo. Wenzake wakaushika, mmoja baada ya mwingine, Swaleh akiwa wa mwisho na akitukana. Nyuma yao karani wa barabara alitoka kibandani akipiga kelele, anauliza nani katoa ruhusa. Godhana hakugeuka. Alivuta kama anayewahi jambo.

Feri ikagusa mchanga. Jasho lilikuwa halijawafika hata kiunoni. Godhana akaushusha ubao, akasimama kando.

"Panda, ndugu yangu," akasema. "Panda nikuvushe."

Duba hakupanda. Aliutazama ubao. Akautazama mto kutoka ukingo hadi ukingo, taratibu, kisha mahali pale chini ya mkindu.

"Kumbe karibu hivi," akasema.

Akageuka, akarudi alikotoka kwa miguu.