Sababu za Corinne

Wifi yangu Corinne alianza kuwafundisha watoto wake nyumbani kwa ajili ya Mungu. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo. Kaka yangu Wendell alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kujenga nyumba yao kilimani, juu ya banda langu la kuku, na kifungua mimba wao, Asa, alikuwa amefikia umri wa shule. Corinne akaniambia, huku anakanda unga wa mikate ya asubuhi, kwamba mtoto ni amana, na siku ya hukumu hataulizwa mwalimu, ataulizwa yeye mama. Huku kwetu kwenye milima ya Missouri nusu ya kanisa walikuwa wakifanya vivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Asa aliushika usomaji upesi mno. Kabla meno ya mbele hayajang'oka alikuwa akisoma Zaburi mbele ya kanisa, na akina mama wakawa wanamngoja Corinne mlangoni wamuulize anafanyaje. Makanisa mengine yakaanza kumwalika azungumze. Nikawa namsikiliza, na Mungu akawa anatajwa mwishoni, tena kwa haraka. Kubwa sasa lilikuwa kwamba watoto wetu wanawapita wale wa shule.

Halafu ikafika zamu ya Tirzah, binti aliyemfuata Asa. Mtoto mchangamfu, anaigiza sauti ya mchungaji mpaka baba yake anamwaga kahawa. Ila herufi zilimkataa. Leo anaijua herufi, kesho anaitazama kama mgeni. Corinne alibadilisha vitabu, akafunga na kuomba, akaita wazee wa kanisa wampake mafuta. Siku moja niliingia jikoni nikakuta amemshika kidevu, anamlazimisha kutazama kitabu, wote wawili wanalia, na Asa yuko pembeni anajifanya haoni.

Nilimwambia kwamba shuleni wako watu waliosomea kufundisha watoto wa namna hiyo.

"Wifi, nikimpeleka watajua," akasema.

"Watajua nini?"

"Kwamba miaka yote hii nasimama mbele ya wenzangu nawaelekeza, na wangu mwenyewe hawezi kusoma hata kibao cha barabara yetu."

Kwa hiyo sababu ilikuwa imebadilika tena. Kanisani alieneza kwamba Tirzah ana haya ya kusoma mbele za watu. Alimkaririsha mistari, na kwa kuwa mtoto alikuwa na kumbukumbu kali, watu walisifu. Nilipomwendea Wendell, alijibu kwamba kazi yake ni kiwanda cha mbao, masomo ni ya mkewe.

Asubuhi moja ya Februari, Tirzah akiwa na miaka kumi na mmoja, alivaa koti lake la kanisani, akateremka hadi barabara kuu wanakosimama watoto wa majirani, akapanda nao basi la njano la shule. Dereva alidhani amehamia. Shule ilipompigia Corinne simu, yeye akanipigia mimi nimpeleke kwa gari langu.

Tulimkuta ofisini ameketi, koti limefungwa vifungo vyote. Mwalimu mmoja wa makamo, Bi. Stroud, aliuliza kwa upole tu kwa nini mtoto anasomeshwa nyumbani. Corinne akafungua kinywa. Nikangoja aseme lile la amana. Badala yake akamgeukia Tirzah.

"Mama, usikasirike," Tirzah akasema. "Nilitaka tu kujua kama tatizo ni mimi au ni vitabu vyetu."

Corinne alipiga magoti pale pale sakafuni na viatu vyake vya matope, akamshika mikono. "Ni mimi," akasema. "Si wewe, mwanangu. Ni mimi." Kisha akamgeukia Bi. Stroud akamwambia, "Nimeshindwa. Nisaidieni."

Walimpima. Wakasema akili yake ni nzima, ila msaada ulipaswa kuanza miaka mingi nyuma. Neno hilo lilimkata Corinne kuliko lolote. Mialiko ikakoma. Kwenye ibada walimwombea kwa jina, akiwa amekaa pale pale. Wendell alikula chakula chake wiki nzima bila kumsemesha.

Tirzah sasa anasoma, polepole, akifuata maneno kwa kidole. Amewekwa na watoto wadogo kuliko yeye, na siku nyingine anarudi na kujifungia chumbani kwa jinsi wanavyomcheka. Corinne hukaa chini nje ya mlango huo, haingii, haondoki.

Lakini kitinda mimba wao, Hosea, Corinne bado anamfundisha nyumbani. Juzi nilimkuta anamenya viazi, mtoto anaandika mezani. Nikamuuliza, huyu naye ni kwa sababu gani?

Hakuinua kichwa. "Ukinipokonya na huyu, wifi, asubuhi nitaamka nifanye nini?"

Nikatafuta kisu, nikakaa nimsaidie kumenya.