Wiki Mbili za Loise

Loise alipofika kwenye ile nyumba ya mtaa wa Al-Murabba, Riyadh, jambo la kwanza alilofanya ni kulia. Alimkumbatia Mueni mlangoni, akalia, akacheka, akalia tena, na lile abaya aliloazimwa Jeddah likamteleza mpaka mabegani. Mueni naye machozi yalimtoka. Miaka minne hajamtia machoni rafiki yake! Waume zao, Wafula na Kilonzo, walibaki ngazini na masanduku wakingoja wakumbukwe.

Kilonzo, mume wa Loise, alikuwa fundi wa umeme. Kampuni moja ilimleta Jeddah kwa kozi ya miezi mitatu, ikamruhusu aje na mkewe, na katikati ya kozi wakapewa likizo ya wiki mbili. Wakapanda ndege kuja Riyadh kuwaona marafiki zao. Mueni alikuwa jikoni tangu alfajiri. Alipika muthokoi, na mahindi ya kukobolewa aliyapataje Riyadh mwaka ule wa themanini na moja, hilo ni siri yake na Myemeni mmoja wa sokoni Batha. Siku hiyo ungemuuliza, angekuapia kwamba hana neno moyoni.

Kazi zake Mueni zilikuwa mbili. Kwenye ikama, kile kibali cha ukaazi, aliandikwa mkunga, na Wafula aliandikwa fundi wa eksirei, na kafili wao, yaani mdhamini, ilikuwa hospitali. Lakini kabla hawajaondoka Machakos, wazee wa kanisa waliwawekea mikono wakawatuma kama wamishenari. Si kumhubiria mwenye nchi, la, hilo hawakutumwa na wala wasingethubutu. Walitumwa wawachunge Wakenya wenzao wasije wakapoa imani ugenini. Basi kila Ijumaa watu kumi na wawili walikuja kwa Mueni kwa kisingizio cha kula keki, maana ibada ya Kikristo ni marufuku huko. Mapazia yanafungwa, redio inafunguliwa, na nyimbo zinaimbwa kwa kunong'ona. Vitabu hawakuwa navyo. Kila mtu alikuwa na daftari alilojaza kwa mkono wake, Mueni akiwatajia maneno kutoka kichwani, ubeti baada ya ubeti.

Na sharti lilikuwa moja. Simu yako ikilia mara tatu ikakatika, ujue kuna hatari, usije. Choma daftari lako, kisha mpigie anayekufuata vivyo hivyo. Simu ya kwanza ilitoka kwa Mueni, na ya mwisho iliishia Jeddah, kwa kikundi kidogo cha Al-Nuzha alichokianzisha yeye huyohuyo. Sharti alilitunga mwenyewe. Kwa miaka minne, Mungu bariki, halikuwahi kutumika.

Haya, ikaja Ijumaa ya kwanza, Loise akaimba. Jamani, ile sauti! Tangu kwaya ya shule ilikuwa hivyo: Mueni anafika mapema, anapanga viti, anawafundisha wengine, halafu Loise anafungua kinywa na watu wote wanamgeukia. Alinong'ona kama wengine, wala hakuvunja sharti, lakini mnong'ono wake uliwaliza watu wazima. Ambrose, dereva wa malori, jitu la miraba minne, alipangusa macho kwa kofia yake.

"Mama," akamwambia Mueni wakati wa kuondoka, "leo tumeimba!"

Leo! Na zile Ijumaa mia mbili za nyuma tulikuwa tunafanya nini, tunakohoa? Hivyo ndivyo Mueni alivyowaza, lakini alichosema ni, "Mungu asifiwe, Ambrose."

Angeweza kumeza hilo. Kilichomchoma ni Nduku, yule nesi mdogo aliyekuwa hakai na jambo bila kumwambia Mueni. Siku hiyo Nduku alimshika Loise mkono, wakaingia jikoni, wakafunga mlango. Mlango wa jiko la Mueni! Naye akabaki sebuleni na sahani chafu mkononi, anasikia mtoto wa watu akilia upande wa pili, na hakuna aliyemwita.

Wiki ile ikawa ya mateso. Simu ikilia, ni "Dada Loise yupo?" Mtu akigonga mlango, ameleta tende, za Loise, ameleta manukato, ya Loise. Hata Wafula, mume asiyejua kusifu hata chakula, alitafuna huku akisema, "Huyu dada ana kipawa, lo!"

"Basi kaoe kipawa," Mueni akamjibu, na Wafula akacheka akidhani ni utani.

Jumatano, wakichambua mchele, Loise akasema, "Wameniomba niongoze Ijumaa hii. Utaniruhusu?"

"Kwani nani amekukataza?"

"Na nina habari nyingine. Kampuni inataka kumwajiri Kilonzo hapa Riyadh kabisa. Hebu fikiria, Mueni! Mimi na wewe tena, kama zamani!"

Mueni alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kama zamani, ndiyo: yeye kwenye viti, Loise mbele. Watu wale kumi na wawili aliwaokota mmoja mmoja, hospitalini, sokoni, kwenye foleni za ikama. Aliwauguza, akawapatanisha. Na sasa katika siku kumi tu wamekwisha kupata mwingine. Kijicho kilimpanda hadi akashindwa kutofautisha chuya na mchele.

Alhamisi mchana, akiwa zamu, ofisi ya wadi ikawa tupu. Alizungusha namba ya Ambrose. Ikalia mara moja, mara mbili, mara tatu. Akakata.

Nia yake ilikuwa moja tu, wasije. Loise akae avae vizuri, angoje, asipate mtu wa kumwimbia. Hayo mengine ya sharti, nakwambia kweli, hayakumpitia akilini. Hasira ilikuwa imejaa humo, hapakuwa na nafasi.

Ijumaa Loise alikaa kitini tangu saa nne, nywele amesuka, keki mbele yake. Saa tano. Saa sita.

"Labda wamebanwa kazini," akasema kwa unyonge.

"Labda," Mueni akasema, akajikatia kipande kikubwa cha keki. Kilikuwa kitamu kweli.

Jumamosi Loise na Kilonzo walirudi Jeddah. Jioni yake Ambrose akaja peke yake, akatazama nyuma mara mbili kabla ya kuingia.

"Mama, tumechoma," akasema kwa fahari. "Kama ulivyotufundisha. Hakuna aliyeuliza swali. Hata karatasi moja haikubaki, si hapa, si Jeddah."

Mueni akauliza, "Hata Jeddah?"

"Wote. Mwikali wa Al-Safa, kule Jeddah, alichoma kwenye jiko la gesi la madam anayemfanyia kazi. Unamjua Mwikali, yule aliyefiwa na mama yake mwaka jana. Kumbe barua za mama yake alikuwa akizinakili nyuma ya nyimbo, zenyewe akizitupa, madam asizione. Amechoma zote. Anasema, kama Mama Mueni ameita, ameita."

Ambrose alipokwenda, Mueni alimwambia Wafula kila kitu, pale pale, amesimama.

"Hakuna anayejua," Wafula akasema. "Waambie hatari imepita, yaishe."

Njia hiyo Mueni alikwisha kuiona. Lakini usiku kucha alimwona Mwikali ameinama juu ya jiko la watu, akichana ukurasa na ukurasa. Alhamisi iliyofuata yeye na Wafula wakapanda ndege kwenda Jeddah.

Kwanza alimwambia Loise, jikoni, bila kumtazama usoni. Loise hakupiga kelele.

"Ungeniambia ninyamaze," akasema. "Ningenyamaza, Mueni. Ningekaa nyuma kabisa."

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, wanawake sita walikusanyika kwenye chumba kimoja cha Al-Nuzha. Mwikali alikaa karibu na Mueni kama kawaida yake, goti kwa goti. Vidole vyake viwili vilikuwa na malengelenge. Mueni akasema yote: simu, wivu, uongo. Hakujitetea.

Mwikali ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo hakukuwa na hatari?"

"Hakukuwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu. Nisamehe."

Mwikali alivitazama vidole vyake. Kisha akainuka, akavuka chumba, akaenda kukaa kando ya Loise.

"Dada," akamuuliza, "wewe unakaa mpaka lini?"

Loise akamtazama Mueni kwa macho ya kuomba radhi. Na Mueni, Mungu amrehemu, alijua kabisa amejitakia, na bado alipowaona wale wawili wamekaa bega kwa bega, aliona wivu.