Nafasi ya Kambale

Kwetu Butembo, sisi Wanande hatupotezi muda kutafuta majina. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Ukisikia naitwa Kasereka Gédéon, ujue kuna wawili walionitangulia kwenye sahani.

Shida ni kwamba wa pili wetu ni Victoire, dada yangu. Karatasi za Kongo zilimwita Kambale, mwanamume. Huku Sweden, mwaka 2014, walikuwa wamekwisha kumkubali kuwa mwanamke: uamuzi ulitoka, na namba mpya ikatoka, maana huku hata namba ya mtu ina jinsia. Ilibaki kadi ya kitambulisho tu. Bila hiyo kadi, kazi ya kutunza wazee Södertälje, aliyoisomea miaka miwili, ingempita mwezi wa kwanza.

"Pasipoti hii ina mwanamume," alisema mama wa dirishani, kwenye ofisi ya kodi inayotoa hizo kadi. "Lakini ndugu wa damu anaweza kukudhamini kwamba ni wewe."

Nikajipiga kifua. Ndugu si huyu hapa!

"Mna barua ya kuonyesha kwamba ni ndugu? Kutoka mlikozaliwa. Yenyewe, si picha ya simu."

Nikampigia baba mdogo Mashauri, nikamaliza kadi mbili za simu kumweleza. Akakohoa. "Sawa. Mutoto ni mutoto. Nitaenda kwa chefu wa mtaa."

Wiki tatu baadaye msafiri akaileta barua, na muhuri juu. Tulipanda treni mtaani kwetu Akalla tumevaa kama watu wa harusi. Mama wa dirishani, ambaye Kifaransa chake kinaaibisha changu, akasoma. Akanitazama. Akatazama kadi yangu.

"Kasereka ni nani?"

"Mimi."

"Humu hayumo."

Nikaivuta karatasi. Watoto wa nyumba yetu: Paluku, Kahindo Victoire, Kambale Gédéon. Kambale! Mimi!

"Dada, umebadilisha wewe, nimepotea mimi," nilimwambia tukishuka ngazi. Hakucheka. Mwezi mmoja na nusu ulikuwa umebaki.

Tulipofika nyumbani nikapiga simu hata koti sijavua.

"Baba mdogo, umenifanya nini?"

"Nimekupandisha cheo! Kahindo ni jina ya binti anayefuata mvulana, iko sawa. Lakini Kambale akitoka, tuache shimo? Chefu mwenyewe ni Munande, aliniuliza: mvulana wa pili iko wapi? Nikakusogeza."

"Mimi nina kadi, nina cheti cha shule, nina hata faini ya kupanda treni bila tiketi, vyote vya Kasereka!"

"Badilisha. Si huko banabadilishaka?"

Victoire akaninyang'anya simu, akaiweka kwenye spika.

"Baba mdogo, usimsogeze mtu. Andika Kambale alizaliwa wa pili, na leo ni binti, anaitwa Kahindo Victoire."

"Lakini mama, ulisema hautaki tena kuona ile jina."

Mama. Hakuwahi kumwita hivyo. Victoire akageukia dirisha, akawa anahesabu sijui nini huko nje kwenye theluji.

"Sitaki," akasema. "Liandike mara hii moja tu."

Barua ya pili ililetwa na muumini wa kanisa letu, imekunjwa ndani ya Biblia. Mama wa dirishani alisoma taratibu, kidole kikasimama kwenye yale majina mawili.

"Huyu na huyu ni wewe?"

"Ni mimi," Victoire akajibu.

"Na wewe unamfahamu tangu lini?"

"Tangu nizaliwe," nikasema. "Amekuwa akinichapa."

Nikaweka sahihi, Kasereka, wa tatu, palepale nilipo siku zote. Kadi ikatoka kabla ya Krismasi. Tulipotoka nayo, Victoire aliitazama mbele na nyuma, mara mbili, kisha akanitupia mkoba wake mzito kama tofali.

"Beba, Kasereka. Wa pili bado ni mimi."