Diploma ya Lyon Iliyosomewa Keshero

Farida alipata diploma ya biashara kutoka shule moja ya Lyon, Ufaransa, bila kuvuka hata mpaka wa jirani wa Gisenyi. Aliisomea sebuleni kwao, mtaa wa Keshero, mbele ya kompyuta, na kila takwimu zilipomshinda alimwita rafiki yake Nsimire, aliyesoma biashara hiyo hiyo kwenye chuo kidogo cha hapa Goma, juu ya duka la mabati. Nsimire alipiga hesabu, Farida akazituma, Lyon ikapongeza.

Kwa hiyo walipoitwa siku moja kwenye usaili wa ofisi ya washauri wa biashara, Nsimire alikwenda bila hofu. Mkurugenzi, Papa Balagizi, alimpa swali: wafadhili wamewajengea wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, katika soko la Kituku chumba cha baridi cha kisasa, mbona akina mama hawakitumii?

"Sambaza zinaisha mbele ya saa sita, Papa," alijibu Nsimire. "Zenye zinabakia wanazianika. Hawana kitu ya kuweka kwa frigo."

Balagizi aliandika kila neno, tena kwa furaha. Kisha akauliza, "Ulisomea wapi?"

Nsimire akataja chuo chake. Balagizi akafunika kalamu taratibu, kama mtu aliyepashwa habari ya msiba. Akatoa karatasi yenye majina ya shule zinazokubaliwa na wafadhili, akapitisha kidole hadi chini, akarudi hadi juu. "Mutoto wangu, akili uko nayo. Lakini mufadhili anasoma CV, hasomi akili."

Kazi akapewa Farida. Juma hilo hilo akampigia Nsimire simu, sauti imenywea. "Wamenipa ile frigo ya Kituku. Niandike nini?"

Roho ilimuuma Nsimire. Alitamani kumwambia awaulize walimu wake wa Lyon, wamjibu wakishajua Kituku iko wapi. Lakini Farida alikuwa rafiki yake tangu utoto. "Andika sambaza zinaisha mbele ya saa sita," alisema.

Ripoti ilitoka na kurasa themanini. Sambaza zilitajwa kwenye ukurasa wa sabini na moja. Kurasa sabini zilizotangulia zilieleza baridi ni kitu gani. Pendekezo kuu: ufanyike utafiti wa pili.

Mama Généreuse, kiongozi wa wauza samaki, alipoyasikia hayo alimwendea Nsimire. "Utuandikie barua, mwanangu. Fupi. Tunaomba ile nyumba ya frigo tuwekemo sambaza zenye zimekauka, mvua isizilowanishe."

Nsimire aliandika nusu ukurasa, akaipeleka mwenyewe kwa wafadhili. Baada ya wiki tatu ruhusa ilitoka, mashine ziliondolewa, rafu za mbao zikapigwa, na akina mama wakamwajiri awasimamie ghala.

Wafadhili walipoliona ghala limejaa, walipigwa na butwaa. Watu kujiamulia bila utafiti! Wakaiagiza ofisi ya Balagizi ichunguze jambo kama hilo liliwezekanaje. Asubuhi moja Farida akafika ghalani na daftari jipya, viatu vimejaa magamba ya samaki, akamkuta Nsimire akipokea magunia, akina mama watano wamepanga mstari.

"Unisamehe, ndugu yangu," alisema Farida, macho chini. "Wamenituma nikuulize ulifanyaje."

Nsimire alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya usaili.

"Nitakuambia. Lakini kwanza shika huku, tupandishe hili gunia."

Farida akaweka daftari chini, akashika.