Gundi ya Chaza wa Mida

La, Zipporah, matundu yake kwa macho huyaoni. Hata mimi sikuyaona. Maina, mtafiti wa Nairobi, alinambia uchukue unywele, uupasue mara elfu, ndipo upate tundu moja la gundi ile. Ile anayojishikizia chaza jiweni, iko majini siku zote na haibanduki. Yeye alitaka kujua ina matundu kiasi gani. Anapima kipande kimelowa, anakikausha, anapima tena. Uzito uliopungua ndio wa maji yaliyokuwa matunduni.

Basi mwaka wa themanini na sita kazi yangu ni kumbandulia chaza pale hori la Mida. Nilikuwa nimeacha kazi ya chumvi Marereni. Bibi yako Nyevu yuko Adu na watoto, analima. Tulikosana, nikamwambia asinifuate. Maina naye, mtu wa bara, anakula hemani kwake, mimi kibandani kwangu. Nasikia kijiko chake kikigonga sahani. Hicho tu ndicho kilikuwa mwenzangu.

Siku moja akaenda Malindi, akaniachia vipande vya gundi, kazi ya miezi mitatu, kwenye chupa za maji ya bahari. Maji yakaanza kunuka. Nami mtu wa chumvi, kitu cha bahari kikinuka najua dawa yake. Nikamwaga maji, nikavishindilia chumvi, nikamngoja anisifu.

Aliporudi akapima, akapima tena. Akaja mlangoni kwangu, mara ya kwanza.

"Mzee Kahindi, chumvi imevinyonya maji. Matundu yamejifunga."

Akasema zimebaki siku tisa, kisha anarudishwa Nairobi, avipate asivipate. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu.

Vipande mia tatu, kwa mikono yangu hii? Na chaza ni kazi ya wanawake. Nyevu hubandua kumi mimi nikihangaika na mmoja. Nikaenda Adu. Nikamkuta kwenye mahindi, hakuinua kichwa.

"Umekuja kunichukua au kunituma?"

"Vyote viwili."

Akapalilia mpaka mwisho wa mstari, ndipo akaenda kutafuta kisu chake cha chaza, akawaita watoto, tukashuka Mida.

Siku ya tisa Maina akapima kipande cha mwisho. Safari hii matundu yalikuwepo. Kesho yake angeondoka, na tangu hapo sikumwona tena. Jioni hiyo Nyevu akapakua sima na chaza wa nazi. Maina akachukua sahani yake, huyo, hemani. Nyevu akamuuliza kwani hema nalo lina njaa.

Akarudi. Watoto wakasogea, tukabanana mkekani, tukakaa sote tukala.