Masikio ya Mwenye Uwanja

Mpimaji wa kelele hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi hiyo alisimamisha mashine yake dirishani kwa muuguzi mmoja, mita mia nne kutoka uwanja wa kulenga shabaha. Muuguzi alifanya zamu za usiku. Mchana alitafuta usingizi kwa tochi.

"Wameshakuja wawili kabla yako, dada," alisema akipiga miayo. "Wote waliandika kelele ni za kawaida."

"Waliandika wastani wa saa nzima. Mlio wa bunduki ni wa kufumba na kufumbua. Ukiuchanganya na ukimya wa saa nzima, unayeyuka kama chumvi majini. Mimi napima kila mlio peke yake. Wewe kalale. Ukishtuka, bonyeza kitufe hiki."

Kufikia saa nane, mashine ilikuwa imenasa milio mia mbili na kumi na sita. Muuguzi alikuwa amebonyeza mara kumi na tisa, na kila mara mlio ulikuwa umetangulia sekunde moja tu.

Mwenye uwanja, mzee mcheshi ambaye mtaa mzima ulimwita Kanali ingawa hakuwahi kuvaa gwanda, akaalikwa aje kusikiliza. Kesho yake akaja, akaketi sebuleni, kofia gotini.

Bunduki zikalia. Glasi ikatetemeka mezani. Kanali akaendelea kutabasamu.

"Zitaanza saa ngapi?"

Muuguzi alidhani anakejeliwa, akafumbua mdomo amjibu. Mpimaji akamgusa mkono. Alikuwa ameona kwamba tangu aingie, mzee alikuwa akitazama midomo ya watu, si macho yao.

"Zimeshaanza, baba," mpimaji alisema taratibu, akimwelekea usoni. "Milio minane. Uko uwanjani miaka mingapi?"

"Thelathini na moja. Bila vizibo vya masikio, hivyo ni vya waoga!" Akacheka peke yake. Kisha akayaona maji yakicheza ndani ya glasi, na kicheko kikamkauka. "Mke wangu husema nimekuwa kiziwi. Nikadhani ananichokoza tu."

"Nenda ukapimwe, baba. Wiki hii hii."

Mpimaji alimhurumia, lakini hakupunguza tarakimu hata moja. Alimfungulia karatasi ya makubaliano mezani: ukuta wa udongo upande wa mtaa, na hakuna risasi kabla ya saa tisa alasiri. Kanali alibishania urefu wa ukuta kwa nusu saa, akashindwa, akatia saini.

Ukuta ulipokamilika, mpimaji alirudi. Saa tisa na robo milio ilisikika, hafifu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Muuguzi alimfungulia akiwa ameshaoga, uso umenawiri.

"Karibu ndani, dada. Nimelala saa sita mfululizo. Hata mimi mwenyewe siamini."

"Amini," mpimaji alisema, akifungua mkoba wake. "Lakini tupime."